Rimoti za alamu: ipi inakujibu, ipi inakuacha ukikisia

Mteja wangu mmoja alikuwa na mazoea yake ya asubuhi: anafunga mlango, anaingia garini, anawasha injini, halafu anabonyeza rimoti ya alamu gari likiwa limeshaanza kusogea. Kitaa chekundu cha rimoti kinamweka, moyo unatulia, anaenda zake kazini. Jioni moja alirudi akakuta nyumba imeingiliwa na king'ora hakikulia hata mara moja. Alinipigia simu kwa hasira, akiamini alamu niliyomfungia imekufa. Nilipofungua kumbukumbu za paneli, yaani ubongo wa mfumo wa alamu, nikakuta alamu ni nzima kabisa, ila siku hiyo haikuwashwa. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa limeachwa wazi, paneli ikakataa kuweka ulinzi, na rimoti yake haikuwa na njia yoyote ya kumpasha habari hiyo. Kile kitaa chekundu kilikuwa na maana moja tu: kitufe kimebonyezwa na betri ina nguvu.

Jambo lile liliniuma, kwa sababu rimoti ile nilimchagulia mimi. Tangu hapo mtu akiniuliza anunue rimoti ipi, sianzi na idadi ya vitufe wala umbali ulioandikwa kwenye boksi. Naanza na maswali mawili. Ukibonyeza, nani anakujibu? Na mtu akinasa ulichokirusha hewani, je, anaweza kukitumia?

Zinafanana kwa nje

Ukizipanga mezani, rimoti hizi huwezi kuzitofautisha: plastiki nyeusi au nyeupe, vitufe viwili au vinne, kipete cha kuning'iniza kwenye funguo. Tofauti iko kwenye namna zinavyozungumza na paneli. Kwa hesabu yangu ziko aina tatu.

Aina ya kwanza hutumia msimbo usiobadilika. Kila ukibonyeza, inarusha tarakimu zilezile ilizorusha jana na mwaka juzi. Chipu zake zinazojulikana sana ni PT2262, ambayo fundi huipangia msimbo kwa kuunganisha au kuacha wazi miguu yake, na EV1527, ambayo hutoka kiwandani na namba yake ya biti 20, yaani tarakimu 20 za sifuri na moja. PT2262 ina miguu 12 ya msimbo na kila mguu una hali tatu, hivyo michanganyiko yote ni 531,441. Lakini rimoti ya vitufe vinne kwa kawaida huchukua miguu minne kwa ajili ya vitufe, inabaki minane, na michanganyiko inaporomoka hadi 6,561. EV1527 inafika 1,048,576, na hiyo milioni ndiyo muuzaji anayoitaja kwa sauti.

Milioni hiyo haikusaidii kitu. Mwizi hana haja ya kukisia msimbo wakati anaweza kuusikia. Akikaa karibu na nyumba na kinasa kidogo cha mawimbi, akasubiri ubonyeze mara moja kuzima ulinzi, ameshaupata. Kesho anaurudisha hewani kama ulivyo na paneli inautii, maana haijui kama umetoka kwako au kwake. Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa mitandao Rapid7 ilitangaza udhaifu wa namna hiyohiyo kwenye mfumo wa nyumbani wa Fortress S03: aliyekuwa karibu aliweza kunasa mawimbi ya rimoti, kuyarudia, na kuzima ulinzi. Udhaifu huo umesajiliwa kwenye CVE, orodha ya kimataifa ya udhaifu wa kiusalama, kwa namba CVE-2021-39277. Naitaja namba ili uone kwamba jambo hili limethibitishwa kwenye bidhaa zinazouzwa, na si hofu ya mafundi.

Aina ya pili hutumia msimbo unaobadilika kila unapobonyeza. Chipu ya mfano ni HCS301 ya Microchip, inayofanya kazi kwa utaratibu uitwao KeeLoq. Utaratibu huo ulizaliwa Afrika Kusini, katika kampuni ya Nanoteq, miaka ya 1980, na Microchip wakaununua mwaka 1995. Ndani ya rimoti kuna kihesabu cha biti 16 kinachopanda kwa moja kila unapobonyeza. Kihesabu hicho hufichwa kwa ufunguo wa siri wa biti 64, na ujumbe unaoruka hewani una biti 66: biti 32 zilizofichwa, na biti 34 zilizo wazi zenye namba ya rimoti na kitufe kilichobonyezwa. Paneli nayo inakumbuka hesabu ya mwisho iliyoipokea. Ikisikia hesabu ya zamani, inaipuuza. Ndiyo maana msimbo ulionaswa jana leo hauna thamani.

Hapa kuna kero moja ambayo wateja huiita ubovu. Mtoto akiichezea rimoti akiwa mbali na nyumba, kihesabu cha rimoti kinasonga mbele huku paneli imebaki nyuma. Paneli huvumilia pengo dogo. Kwa mpangilio wa kawaida wa KeeLoq ni hatua 16. Pengo likizidi hapo, mbonyezo wa kwanza haukubaliwi, na paneli husubiri wa pili unaofuatana nao ndipo ijipange upya. Kwa hiyo rimoti ya aina hii ikionekana imekufa ghafla, bonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu na paneli kabla hujamwita fundi. Nimeshaitwa zaidi ya mara moja kwa kazi ya mibonyezo miwili.

Je, msimbo unaobadilika hauvunjiki? Unavunjika. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kilichoko Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu wakati inafanya kazi, ufunguo wa siri wa KeeLoq unaweza kutolewa. Kisha mwaka 2015, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Las Vegas, mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha kifaa alichokiita RollJam, akilenga magari na milango ya gereji. Ujanja wake hauhitaji kuvunja siri yoyote. Kifaa kinavuruga mawimbi ili mpokeaji asisikie, huku chenyewe kinanasa msimbo wako wa kwanza. Unaona hakuna kilichotokea, unabonyeza tena. Kinanasa wa pili, kinaachia wa kwanza, mlango unafunguka, unaondoka ukiwa umeridhika. Mkononi mwa mwizi umebaki msimbo mmoja ambao haujatumika.

Rimoti za alamu za njia moja, yaani zinazorusha tu bila kupokea jibu, zimejengwa kwa mantiki hiyohiyo, kwa hiyo hazijasalimika. Ila tupime hatari kwa mizani ya haki. Mtu wa kufanya hivyo lazima awe amejiandaa, awe karibu nawe wakati unabonyeza kitufe cha kuzima, na msimbo alioubakiza unakufa mara tu unapoitumia rimoti yako tena mbele ya paneli. Mwizi wa kawaida anatafuta dirisha lisilo na komeo. Kwa nyumba nyingi msimbo unaobadilika unatosha kama kinga ya kunaswa. Pengo lake kubwa liko kwingine: haukupi jibu.

Aina ya tatu ndiyo inayozungumza na kusikiliza. Rimoti inarusha amri, paneli inarudisha jibu, na mazungumzo yote yamefichwa kwa usimbaji wa kisasa. Humu wamo SpaceControl ya kampuni ya Ajax, inayotumia itifaki (lugha ya mawasiliano ya redio) yao ya Jeweller, na rimoti za familia ya PowerG zinazofanya kazi na paneli za DSC. PowerG hutumia usimbaji wa AES, njia ya kuficha data inayotumika duniani kote, wa biti 128 na huhamahama kutoka mkondo mmoja wa mawimbi hadi mwingine, hivyo anayetaka kuvuruga mkondo mmoja anabaki anapiga hewa. Kwa mtumiaji, tofauti anaiona kwenye kitaa: kikiwaka kijani, amri imefika, kikiwaka vingine, kuna jambo, rudi ukaangalie.

Nikiziweka bega kwa bega zinasomeka hivi:

| | Msimbo usiobadilika | Msimbo unaobadilika, njia moja | Njia mbili yenye usimbaji |
|---|---|---|---|
| Mtu akinasa na kurudia mawimbi | Ulinzi unazimika | Msimbo wa zamani haukubaliwi | Haukubaliwi |
| Mawimbi yakivurugwa | Hujui | Hujui | Rimoti inakuonyesha kuwa haikujibiwa |
| Dirisha likiwa wazi unapowasha ulinzi | Kimya, usipoweka mlio wa king'ora | Kimya, usipoweka mlio wa king'ora | Kitaa au mlio kwenye rimoti yenyewe |
| Rimoti ikipotea | Mara nyingi unafuta zote na kusajili upya | Hufutwa peke yake kwenye paneli nyingi | Hufutwa peke yake |
| Kuchanganya na chapa nyingine | Rahisi | Vigumu | Haiwezekani kwa kawaida |

Mstari wa mwisho watu huusoma kama sifa ya aina ya kwanza. Usiusome hivyo. Rimoti inayokubali paneli ya kila mtu inakubali pia kunakiliwa na kila mtu; ziko rimoti za kunakili ambazo ukiziweka uso kwa uso na ya kwako kwa sekunde chache zinaondoka na msimbo wako. Uliyemwachia funguo kwa nusu saa ili akaoshe gari amepata muda wa kutosha.

Jibu, na namna ya kulipata usipokuwa nalo

Nirudi kwa yule mteja, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Paneli hukataa kuweka ulinzi kwa sababu nyingi: mlango haujabana vizuri, sensa imeishiwa betri, kifuniko cha kifaa kimefunguliwa. Kwenye kibao cha namba ukutani utaliona kosa. Kwenye rimoti ya njia moja hutaona chochote, na kitaa chake kitamweka vilevile iwe paneli imekubali, imekataa, au imezimika kabisa.

Ukishakuwa na rimoti za njia moja na huna nafasi ya kubadilisha leo, mwambie fundi awashe mlio mfupi wa king'ora cha nje: mlio mmoja ulinzi ukiwekwa, miwili ukitolewa. Paneli nyingi zina mpangilio huo. Majirani watausikia pia, na usiku unachosha, lakini ni bora kuliko kukisia. Njia nyingine ni kuruhusu paneli iweke ulinzi huku ikiruka eneo lililo wazi. Mimi siipendi. Inakufanya uondoke ukidhani nyumba nzima imefungwa wakati lile dirisha la nyuma, lililo wazi, ndilo pekee lisilolindwa.

Programu ya simu inaweza kuziba pengo hili kwa kukutumia ujumbe kila ulinzi unapowekwa. Inasaidia sana, ila inategemea intaneti ya pande mbili, ya nyumbani na ya kwako, na simu ni kitu cha kufungua, kutafuta programu, kusubiri ipakie. Rimoti ni kidole kimoja gizani. Wateja wangu wenye vyote viwili huniambia rimoti ndiyo wanayoitumia kila siku na simu ndiyo wanayohakikishia. Huo mgawanyo naukubali.

Kitufe cha dharura kinastahili neno lake. Rimoti nyingi za vitufe vinne zina kimoja cha kuita msaada, na fundi anaweza kuamua kama kitalia kwa king'ora au kitatuma taarifa kimyakimya. Kwenye rimoti ya njia moja, aliyejificha chumbani anabonyeza bila kujua kama kuna aliyemsikia. Kama rimoti inanunuliwa kwa ajili ya mzee anayeishi peke yake au mtu anayetishiwa, kwangu hapo hakuna mjadala: ichukuliwe ya njia mbili, inayokwambia amri imepokelewa. Na kitufe hicho kiwe kimezama kidogo au kihitaji kushikiliwa sekunde mbili tatu. Rimoti hukaa mfukoni na funguo, sarafu na kila takataka, na king'ora kikilia bure mara kadhaa, hata walinzi huacha kukimbia.

Masafa

Unaponunua rimoti ya ziada, usidanganywe na umbo. Kwanza soma namba ya masafa (mkondo wa redio inaoutumia, kwa MHz) nyuma yake au ndani ya kifuniko cha betri. Mifumo ya Honeywell ya kundi la 5800 hutumia 345 MHz. Ile ya Interlogix, ambayo zamani ilikuwa ya GE, hutumia 319.5 MHz. Ulaya na maeneo mengi yanayofuata taratibu zake utakuta 433.92 MHz na 868 MHz. PowerG hutengenezwa kwa toleo la 868 na toleo la 915, kwa kuwa sheria za redio hutofautiana kati ya kanda na kanda. Rimoti ya 868 haitaongea na paneli ya 915 hata kama zote zimetoka kiwanda kimoja na zina nembo moja. Nimeona watu wakiagiza rimoti kutoka nchi nyingine kwa kuangalia picha tu, ikafika, ikawa pambo la funguo.

Mtu anayeanza upya, anayechagua kati ya 433 na 868, anastahili maelezo kidogo. Masafa ya 433.92 yamejaa watu: rimoti za magari, mageti, kengele za mlangoni zisizo na waya, sensa za upepo wa matairi, vipima hali ya hewa, na mafundi wa redio za ridhaa ambao nao wana haki yao humo. Kwenye 868 kuna utaratibu zaidi. Ulaya imetenga vipande vidogo mahususi kwa alamu, kwa mfano kati ya 868.6 na 868.7 MHz, na vifaa vinawekewa kikomo cha muda wa kukaa hewani ili kila kimoja kipate nafasi ya kusikika.

Halafu kuna antena. Antena inayofanya kazi vizuri huhitaji urefu wa karibu robo ya wimbi. Kwa 433.92 MHz hiyo ni sentimita 17 na kidogo; kwa 868 ni kama sentimita 8.6. Rimoti ya funguoni haina sentimita 17 popote, kwa hiyo antena ya 433 hukunjwakunjwa kwenye ubao na kupoteza nguvu nyingi, ilhali ya 868 inakaribia kutosha. Masafa ya chini yana faida ya kupenya kuta kwa urahisi kidogo zaidi, lakini kwenye kifaa kidogo hivi faida hiyo huliwa na antena mbovu.

Kuhusu umbali ulioandikwa kwenye boksi: hupimwa mahali pa wazi, bila ukuta, bila gari, bila mwili wa mtu. Ajax wanaandika hadi mita 1,300 kwa SpaceControl, na rimoti nyingi rahisi za 433 huandikiwa mita mia moja hivi. Mimi huchukua robo ya namba iliyoandikwa ndipo nimwahidi mteja, na zege lenye nondo au mabati yakiwa katikati, hata robo hiyo naiogopa. Chuma kinazuia mawimbi. Paneli iliyofichwa ndani ya kabati la chuma stoo itasikia vibaya, na hilo si kosa la rimoti. Isogeze paneli, au ongeza kipokezi karibu na mlango.

Kipokezi cha kuongeza

Wengi wana paneli ya zamani ya waya isiyojua rimoti kabisa. Dawa yake ni kipokezi kidogo chenye rilei (swichi inayojifunga na kujifungua kwa umeme), kinachounganishwa kwenye eneo la paneli linalopokea swichi ya ufunguo. Kazi ya nusu saa, na inafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba kipokezi hicho ndicho kinachoamua usalama wa kila kitu baada ya hapo. Ukifunga cha msimbo usiobadilika kwenye paneli nzuri ya waya, umeweka mlango wa chuma na komeo la ubua. Dai kipokezi cha msimbo unaobadilika, na uulize swali moja la ziada: rimoti moja ikipotea, unaifutaje? Vipokezi vingi vidogo vina kitufe kimoja tu, ukikishikilia kinafuta kumbukumbu yote. Inawezekana kuishi na hilo kama rimoti ni mbili. Kama ni ofisi yenye rimoti kumi na tano, utawakusanya watu wote na rimoti zao kila mmoja wao anapodondosha yake.

Ofisi, kwa kweli, isiguse kabisa mfumo usiompa kila mtu namba yake. Rimoti haimtambui mtu, humtii aliyeishika. Paneli inayoandika "namba 7 alizima ulinzi saa 11:42 usiku" inakupa pa kuanzia. Inayoandika "rimoti ilizima" haikusaidii.

Betri

Rimoti nyingi za sasa hutumia betri bapa ya CR2032: volti 3, upana milimita 20, unene milimita 3.2, chaji ya karibu mAh 220 (kipimo cha umeme ulioko ndani). Nyingine hutumia CR2025 au CR2016, nyembamba zaidi na zenye chaji kidogo zaidi. Usizibadilishane, hata zikiingia. Rimoti za zamani za msimbo usiobadilika mara nyingi zina A23 ya volti 12, kijiti kifupi ambacho ndani yake ni vibetri vinane vilivyopangwa safu, na chaji yake haifiki hata theluthi ya CR2032. Watu huogopa kwamba rimoti ya njia mbili itamaliza betri haraka kwa sababu inasikiliza. Husikiliza kwa muda mfupi tu baada ya kubonyezwa, basi. Ajax wanaahidi hadi miaka 5 kwa SpaceControl.

Jambo la kuuliza ni kama paneli inapewa taarifa betri ya rimoti ikidhoofika. Za aina ya pili na ya tatu mara nyingi hutoa taarifa. Za aina ya kwanza zinaanza kwa kukulazimisha usogee karibu na mlango, siku hadi siku, hadi unaingia ndani ulinzi ukiwa umewashwa.

Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Betri bapa iliyomezwa ikinasa kwenye umio inaweza kuunguza ndani ya saa 2. Ni hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Ningemchagulia nani ipi

Anayeanza mfumo mpya achukue wa njia mbili, hata kama itabidi apunguze idadi ya sensa za mwanzo. Sensa zitaongezwa baadaye, ila kubadilisha lugha ya mfumo mzima baadaye ni kuanza upya. Vitufe vinne vinamfaa anayelala nyumbani huku ulinzi wa nje umewashwa, kwa kuwa kitufe kimoja hubaki kwa ulinzi wa sehemu. Duka dogo linalofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi halihitaji zaidi ya viwili na cha dharura.

Mwenye paneli nzuri ya njia moja na msimbo unaobadilika, asiivunje. Aongeze mlio wa king'ora, aweke ujumbe wa simu ikiwezekana, na anunue rimoti mbili za akiba sasa. Hili la akiba nalisisitiza. Biashara ya Interlogix nchini Marekani ilitangazwa kufungwa mwishoni mwa 2019, na waliokuwa na paneli zake nzima wakajikuta wanatafuta vifaa vya 319.5 MHz kwa watengenezaji wengine. Mfumo wa redio una umri wa rimoti zake.

Mwenye msimbo usiobadilika, namwambia bila kuzunguka: tumia rimoti hiyo kwa geti la magari, na kwa alamu rudi kwenye kibao cha namba hadi utakapobadilisha. Si raha. Lakini kibao hakiwezi kunaswa na mtu aliyekaa barabarani.

Siku fundi anapokukabidhi kazi, usikubali kuonyeshwa rimoti mkiwa mmesimama mbele ya paneli. Fungua dirisha moja la nyuma makusudi, toka mpaka mahali unapoegesha gari, bonyeza kuwasha ulinzi, na utazame rimoti inakwambia nini. Kisha funga dirisha, rudia ukiwa ndani ya gari na milango imefungwa. Mwisho mwombe afute rimoti moja kwenye paneli mbele yako, uibonyeze, uone kama imekataliwa na kama nyingine bado zinafanya kazi. Baada ya hapo aisajili tena, na sahihi yako aipate.